Mwanafunzi Asiye na Makaratasi Marekani: Mhadhiri Anaweza Kumsaidia Vipi?

Tangu mwanzoni mwa 2025 kuna swali linalozunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya Waafrika Mashariki walioko Marekani, hasa ya wazazi wenye watoto vyuoni: mwalimu akijua kwamba mwanangu hana makaratasi, atamripoti? Wahadhiri nao, wakiwamo wenzetu wanaofundisha Kiswahili kwenye vyuo vya huko, wanaulizana kwa sauti ya chini: nikimsaidia mwanafunzi wa aina hii, si nitaingia matatani mwenyewe?

Hofu hii ina chanzo. Januari 2025 Wizara ya Usalama wa Ndani ya Marekani ilifuta mwongozo uliokuwa ukiwataka maofisa wa uhamiaji wajizuie kukamata watu shuleni, makanisani na hospitalini. Juni mwaka huohuo wanafunzi wasio na makaratasi katika jimbo la Texas walipoteza nafuu ya ada waliyokuwa nayo kwa zaidi ya miaka 20. Habari zikafuatana, na kila habari ikazaa uvumi wake.

Makala hii inaanza na maana ya maneno, inapita kwenye sheria kwa kadiri inavyohitajika, kisha inakaa darasani kwa mhadhiri, kwa kuwa huko ndiko msaada mwingi unakotoka. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: msaada mzuri ni ule ambao mwanafunzi anaupata bila kulazimika kujitangaza.

Asiye na makaratasi ni nani

Ni mtu anayeishi Marekani bila ruhusa halali ya uhamiaji kwa wakati huo. Wengi wanapolisikia jambo hili wanamfikiria mtu aliyevuka jangwa usiku kutokea Mexico. Wapo wa namna hiyo. Lakini kundi kubwa la wasio na makaratasi, wakiwamo wengi wanaotoka kwetu, waliingia kupitia uwanja wa ndege. Pasipoti iligongwa muhuri, muda wa kukaa ukaisha, wakabaki.

Chukua mfano wa binti, tumwite Neema. Mama yake alikwenda Maryland kwa viza ya matembezi akamchukua naye, akiwa na miaka 6. Muda ukapita, hawakurudi. Neema akasoma shule ya msingi hapo, akamaliza sekondari hapo, Kiingereza chake ni cha watoto wa mtaani kwao, na huenda hakujua lolote mpaka alipotaka leseni ya udereva au kujaza fomu ya kuomba fedha za chuo. Ndipo mama akamkalisha chini. Katika yote hayo, hakuna uamuzi hata mmoja uliokuwa wa Neema.

Njia nyingine inawahusu zaidi vijana wanaotoka Dar es Salaam, Nairobi, Kampala au Bujumbura wakiwa na viza ya masomo ya F-1. Viza hiyo ina masharti, na mojawapo ni kusoma muda wote, ambao kwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza kwa kawaida ni angalau uniti 12 kwa muhula. Sasa biashara ya baba Kariakoo inayumba, ada inachelewa, chuo kinamfungia usajili. Au kijana anaanza kubeba boksi usiku nje ya chuo ili alipe kodi ya nyumba, jambo ambalo viza yake hairuhusu, na masomo yanamshinda. Hajavuka mpaka wowote wala hajamdanganya mtu, lakini hadhi yake imeanguka.

Wapo pia wanaochanganywa na kundi hili ilhali hawamo. Wakongomani waliohamishiwa Marekani kutoka kambi kama Nyarugusu ya Kigoma au Kakuma ya Kenya kwa mpango rasmi wa wakimbizi wana hadhi halali tangu siku waliyotua, na wanastahili kuomba ufadhili wa serikali ya shirikisho kama raia. Nimewahi kusikia wazazi wa Kikongomani wakiwazuia watoto wao wasijaze fomu za fedha kwa kuogopa mambo yasiyowahusu. Hiyo ni hasara tupu. Aliyeomba hifadhi na anasubiri jibu yuko katikati: bado hajapewa, lakini ombi lake linatambulika. Halafu kuna familia zilizochanganyika, mtoto ni raia kwa kuzaliwa, wazazi hawana makaratasi. Mtoto huyo ana haki zote za raia, zikiwamo fedha za chuo, ila hofu ya nyumbani anaibeba vilevile. Mapema 2024 ilipotoka FAFSA mpya, yaani fomu ya kuomba fedha za chuo za serikali ya shirikisho, wazazi wasio na namba ya hifadhi ya jamii walikwama kwa wiki kadhaa kwa hitilafu ya mfumo, na watoto walioumia hapo walikuwa raia.

Sheria inafungua wapi, inafunga wapi

Mwaka 1982, katika kesi ya Plyler dhidi ya Doe iliyotoka Texas, Mahakama ya Juu iliamua kwa kura 5 kwa 4 kwamba jimbo haliwezi kumnyima mtoto elimu ya bure ya shule ya umma kwa sababu tu hana makaratasi. Ndiyo maana Neema alisoma bila kuulizwa. Ila uamuzi huo unaishia darasa la 12. Chuo kikuu hakimo.

Je, chuo kinakatazwa kumpokea? Hakuna sheria ya shirikisho inayokataza. Majimbo ndiyo yanayotofautiana. South Carolina na Alabama yamewafungia milango ya vyuo vyao vya umma. Georgia inawazuia kwenye vyuo vya umma vyenye ushindani mkubwa wa nafasi. Kwingine kwingi wanapokelewa kama mwombaji mwingine yeyote.

Ugumu uko kwenye fedha. Ruzuku ya Pell, ile ya serikali ya shirikisho kwa wanafunzi wa kipato cha chini, na mikopo ya serikali hiyo hawapati, hata kidogo. Wanaosema kwamba wanasomeshwa bure kwa fedha za walipakodi wanasema lisilo kweli, na tena wanasahau kwamba watu hawa nao wanalipa kodi: taasisi ya utafiti ya Institute on Taxation and Economic Policy ilikadiria kuwa mwaka 2022 wahamiaji wasio na makaratasi walilipa dola bilioni 96.7 za kodi mbalimbali. Baada ya hapo kuna suala la ada ya mkaazi. Vyuo vya umma hutoza wakaazi wa jimbo ada ndogo, na wa nje huweza kutozwa mara 2 au 3 ya hiyo. Texas ilikuwa ya kwanza, mwaka 2001, kuwapa ada ya mkaazi vijana waliosoma na kumaliza sekondari humo hata kama hawana makaratasi. California ikafuata mwaka huohuo, na miaka 10 baadaye ikaongeza ufadhili wa jimbo. Tarehe 4 Juni 2025 Wizara ya Sheria ya Marekani iliishtaki Texas, jimbo likakubali bila kupinga, na siku hiyohiyo jaji akaifuta sheria hiyo. Mwanafunzi aliyekuwa amebakiza mihula 2 alijikuta na ankara mpya. Florida nayo iliondoa nafuu yake mwaka huo. Kwa hiyo mhadhiri asiseme jambo la ada kwa kumbukumbu za miaka 3 iliyopita. Ampeleke mwanafunzi kwa mtu anayefuatilia.

DACA, mpango wa kuwaahirishia kuondolewa nchini vijana walioletwa Marekani wakiwa watoto, ndiyo inayochanganya watu kuliko yote. Ilitangazwa tarehe 15 Juni 2012 wakati wa Rais Obama, kwa waraka uliotiwa saini na Janet Napolitano, waziri wa usalama wa ndani. Anayeipata haondolewi nchini kwa miaka 2, anapewa kibali cha kazi na namba ya hifadhi ya jamii, kisha anaomba tena. Ni kama mwenye nyumba anayekwambia, "Kwa miaka 2 sikufukuzi," lakini mkataba hakupi wala hakuahidi kitakachofuata. DACA si ukaazi, si uraia, wala haina mlango wa kuelekea huko.

Na hapa kuna jambo ambalo wahadhiri wengi hawajalitambua. Ili kustahili DACA ni lazima mtu awe amekuwa akiishi Marekani mfululizo tangu tarehe 15 Juni 2007. Kijana wa miaka 18 anayeanza chuo leo alizaliwa karibu na tarehe hiyo au baada yake. Zaidi ya hayo, tangu Julai 2021 jaji wa shirikisho huko Texas aliagiza maombi mapya yasipitishwe, walio nayo ndio wanaoendelea kuihuisha. Maana yake ni kwamba wanafunzi wasio na makaratasi wanaoingia mwaka wa kwanza sasa hivi karibu wote hawana DACA. Hawana kibali cha kazi, hawana namba. Mhadhiri anayesema, "Si una DACA wewe?" anazungumzia kizazi kilichokwisha kuhitimu.

"Kwa nini basi asiombe uraia kama watu wengine?" Swali hili huulizwa hata na ndugu zetu walioko huko kihalali. Jibu ni kwamba hakuna fomu ya mtu aliyelelewa Marekani bila ruhusa. Wapo wanaopata njia kupitia ndoa na raia, hasa kama waliingia kwa viza, au kupitia hifadhi, au kwa kuwa walitendewa uhalifu. Asiye na mojawapo ya njia hizo hana pa kupanga foleni. Muswada wa DREAM ulioletwa na maseneta Durbin na Hatch mwaka 2001 ungefungua njia. Mwaka 2010 ulipita Baraza la Wawakilishi, ukafika Seneti ukapata kura 55, na zilihitajika 60.

Mhadhiri ana wajibu wa kuripoti?

Hakuna sheria ya shirikisho inayomtaka mhadhiri aripoti hadhi ya mwanafunzi wake. Kinyume chake, sheria ya FERPA ya mwaka 1974 inakikataza chuo kinachopokea fedha za shirikisho kutoa kumbukumbu za mwanafunzi bila ridhaa yake ya maandishi, isipokuwa katika hali chache, likiwamo agizo la mahakama. Aliye kwenye F-1 ni tofauti kidogo: chuo kinalazimika kutuma taarifa zake za usajili kwenye mfumo wa serikali uitwao SEVIS, lakini hiyo ni kazi ya ofisi ya wanafunzi wa kimataifa, haiko mikononi mwa mwalimu wa darasa.

Na lile la "kuficha wahalifu"? Kukaa baada ya muda kuisha ni ukiukaji wa taratibu za uhamiaji, na kwenyewe si jinai. Sheria inamwadhibu anayemficha au kumsafirisha mtu ili asikamatwe. Kumfundisha, kumshauri kuhusu masomo, kumsahihishia insha na kumwandikia barua si kumficha. Hili nalisisitiza kwa ajili ya wahadhiri wetu ambao wenyewe wako Marekani kwa viza ya kazi na wanaogopa hata kusalimiana na suala hili. Fanyeni kazi yenu ya ualimu kikamilifu, hamvunji sheria.

Usiulize, usiandike

Kosa la kwanza la mwenye nia njema ni kuuliza. "Niambie tu ukweli, una karatasi?" Hata kwa upole, swali hili linamweka mwanafunzi njia panda: adanganye mtu anayemheshimu, au atoe siri ambayo si yake peke yake, ni ya mama na wadogo zake pia. Na mhadhiri haihitaji taarifa hiyo. Anachohitaji kujua ni kikwazo: huwezi kusafiri, huwezi kulipwa, unahitaji kukosa vipindi vya wiki ijayo. Sababu ibaki kwa mwenyewe.

Kosa la pili ni kuandika. Barua pepe za chuo hukaa kwenye mitambo ya chuo, huweza kudaiwa na mahakama, na kwenye vyuo vya umma watu huweza kuomba kuziona chini ya sheria za uwazi. Mhadhiri akimwandikia mkuu wa idara, "Naomba Neema asamehewe safari kwa sababu hana viza na anaogopa," ameweka kwenye kumbukumbu ya kudumu jambo ambalo halikuhitajika. Aandike hivi: "Neema hatashiriki safari. Nimempa kazi mbadala yenye alama sawa." Inatosha, hakuna atakayeuliza. Mwanafunzi akija mwenyewe kusimulia ofisini, msikilize, mshukuru kwa kukuamini, na usifungue daftari.

Kwenye silabasi inatosha sentensi mbili tatu: kwamba wanafunzi wa hadhi zote za uhamiaji wanakaribishwa, kwamba mwenye mazingira yanayomzuia kutimiza sharti fulani la kozi aje waangalie njia nyingine bila kulazimika kueleza sababu, na jina la ofisi ya chuo inayoshughulika na jambo hilo. Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kimekuwa na ofisi ya namna hiyo tangu 2012. Kwingine kuna mtu mmoja tu katika ofisi ya ustawi wa wanafunzi. Jua jina la mtu huyo kabla hujamhitaji.

Kozi yenyewe inaweza kuwa na mitego

Tuchukue darasa la Kiswahili, maana nalijua vizuri. Wiki za kwanza tunafundisha kujitambulisha: unatoka wapi, ulizaliwa wapi, ulifika hapa lini. Kisha linakuja zoezi la mazungumzo ya uwanja wa ndege, mmoja anakuwa ofisa uhamiaji, mwingine msafiri, "Naomba pasipoti yako. Una viza?" Kisha insha: "Eleza jinsi familia yako ilivyofika Marekani." Kwa wanafunzi wengi haya ni mazoezi mepesi. Kwa Neema ni mahojiano, tena mbele ya watu 20. Dawa si kuyafuta. Mruhusu kila mwanafunzi achague kuandika kuhusu familia yake, ya jirani, au ya kubuni. Kwenye igizo kila mtu apewe jina na nchi ya kubuni. Msamiati uleule, sarufi ileile, na wala hakuna anayejua nani amekimbia nini.

Safari za masomo ndizo zenye hatari kubwa. Kila mwaka vyuo hupeleka wanafunzi wa Kiswahili Arusha, Zanzibar au Mombasa, na mhadhiri mchangamfu humshika mkono mwanafunzi wake bora: "Wewe lazima uende, utakutana na bibi yako!" Hajui alichosema. Mtu aliyevuka miaka 18 akakaa bila ruhusa zaidi ya siku 180 kisha akatoka nje ya nchi, huzuiwa kurudi kwa miaka 3. Akiwa amekaa mwaka 1 au zaidi, huzuiwa miaka 10. Mwenye DACA naye haruhusiwi kutoka hivihivi, ni lazima aombe kibali maalumu kabla. Ufadhili wa serikali kwa masomo ya lugha, kama FLAS, ni kwa raia na wakaazi wa kudumu tu. Kwa hiyo tangaza safari kwa darasa zima, weka masharti yote wazi kwenye tangazo, na anayesema hawezi usimbembeleze wala usimhoji. Safari ikiwa ni sharti la kuhitimu, hapo idara ina tatizo la kurekebisha, na ni mhadhiri anayepaswa kulipeleka kwenye kikao. Mwanafunzi asiachiwe mzigo huo. Hata safari za ndani ziangaliwe: maabara za serikali na majengo ya shirikisho hukagua vitambulisho mlangoni, na ndege za ndani zinadai vitambulisho vikali zaidi tangu Mei 2025.

Mtego mwingine umejificha ndani ya jambo jema kabisa. Mwaka wa uchaguzi vikundi vya kujitolea huingia madarasani kuandikisha wapigakura, na baadhi ya wahadhiri huligeuza kuwa zoezi la darasa, fomu zinapitishwa mstari kwa mstari. Asiye raia akitia saini pale panaposema "mimi ni raia wa Marekani," hata kwa kufuata mkumbo, anaweza kufungiwa njia ya uhalali maisha yake yote. Sheria ya tangu 1996 ni kali mno kwenye dai la uongo la uraia, na hata anayekuja kuoa au kuolewa na raia baadaye hasalimiki kirahisi. Zoezi hilo lifanyike nje ya darasa, kwa hiari, na lisiambatane na alama. Onyo hili linawahusu pia wanafunzi wetu wa F-1 na hata wenye grinikadi.

Kuna pia mijadala. "Je, serikali iwafukuze wote?" huonekana mada nzuri ya kuamsha darasa. Tujadili sera, ndiyo, chuo ni mahali pake. Ila mwalimu ajue kwamba kuna uwezekano mhusika yumo chumbani, amekaa kimya, akihesabu nani kati ya wenzake amenyoosha mkono. Badala ya kuuliza watu watendewe nini, jadilini sheria mahususi, historia yake, na takwimu zake.

Kushuka chini ya uniti 12

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu hapa mhadhiri anaweza kuzuia tatizo lisizaliwe, na kwa vijana wanaotoka nyumbani ndipo wengi wanapopotelea. Mwanafunzi wa F-1 anafeli kozi ya hesabu. Mwalimu anampa ushauri wa kawaida unaompa raia nafuu: "Iache, utairudia muhula ujao." Kijana anaiacha, anabaki na uniti 9, na bila kujua ameshavunja masharti ya viza yake. Neno moja lingetosha: "Kabla hujaacha, pitia ofisi ya wanafunzi wa kimataifa." Ofisi hiyo inaweza kumruhusu apunguze mzigo kwa ugonjwa, au kwa ugumu wa masomo wa mwanzoni, lakini ruhusa hiyo ni lazima itangulie. Akiisha kuanguka, anaweza kuomba kurejeshewa hadhi, na kwa kawaida ombi hilo linatakiwa ndani ya miezi 5. Wengi wanakaa kimya kwa aibu, wakisubiri baba atume ada, mpaka miezi 5 inapita.

Mhadhiri Mwafrika Mashariki ana nafasi hapa ambayo ofisi haina. Kijana atamkwepa mshauri wa chuo, lakini shikamoo ya mwalimu wa Kiswahili haikwepi. Ukimwona amepotea wiki 2, mtafute. Muulize kuhusu nyumbani, kuhusu ada. Usimhukumu.

Fedha, kazi na barua

Tangu 1986 mwajiri yeyote Marekani analazimika kuthibitisha kwamba anayemwajiri ana ruhusa ya kazi. Kwa hiyo mhadhiri hawezi kumwajiri asiye na kibali kama msaidizi wa utafiti, na asijaribu kumlipa kwa mlango wa nyuma, maana wataumia wote wawili. Hata "jitolee tu" kwenye nafasi ambayo wengine hulipwa ni jambo la kumuuliza mwanasheria wa chuo kwanza. Kilicho wazi zaidi ni hiki: utafiti unaohesabiwa kama kozi yenye uniti, tuzo za uandishi, na ufadhili wa masomo usiodai kazi. Unapotafuta fedha za mradi, omba sehemu yake iwe ufadhili wa namna hiyo. Na kwenye matangazo ya idara andika sharti la uraia pale tu ambapo mtoa fedha ameliweka. Idara nyingi hulinakili kutoka tangazo la zamani bila sababu yoyote. TheDream.US, iliyoanzishwa 2013, ni mojawapo ya mifuko inayowalenga wanafunzi hawa moja kwa moja, na UndocuBlack Network inawaunganisha weusi wasio na makaratasi, wakiwamo Waafrika, ambao mara nyingi hujihisi hawamo hata kwenye vikundi vya wahamiaji.

Kuhusu taaluma, mweleze ukweli mapema. Uuguzi, ualimu na uanasheria vinahitaji leseni, na kila jimbo lina kanuni zake. California imefungua leseni zake nyingi bila kujali hadhi ya uhamiaji, na mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ilimruhusu Sergio Garcia kuwa wakili ilhali hana makaratasi. Kwingine hali si hiyo. Mwanafunzi anastahili kulijua hili mwaka wa kwanza, asije kushtukia wa nne.

Usiwe wakili wake. Kila jumuiya yetu huko ina "mtu anayejua fomu," na fomu moja iliyojazwa vibaya inaweza kumfungulia mtu kesi ya kuondolewa nchini. Mhadhiri asiingie kwenye safu hiyo. Vyuo kadhaa vina wakili wa uhamiaji wa bure kwa wanafunzi, na vyuo vyenye vitivo vya sheria mara nyingi vina kliniki. Mpeleke huko.

Maofisa wakibisha hodi

Sehemu za wazi za chuo, kama viwanja na ukumbi wa chakula, wanaweza kuingia kama mtu yeyote. Ofisi, mabweni na sehemu ambazo umma hauruhusiwi ni jambo jingine: huko wanahitaji hati iliyotiwa saini na jaji. Hati nyingi wanazobeba, zenye namba I-200 au I-205, husainiwa na maofisa wa uhamiaji wenyewe, na hazilazimishi chuo kufungua milango hiyo. Ila si kazi ya mhadhiri kubishana juu ya karatasi mlangoni. Aseme hivi: "Sina mamlaka ya kukuruhusu, subiri nimwite mwanasheria wa chuo." Apige simu hiyo, asidanganye, asimzuie ofisa kwa mwili, asimfiche mtu kabatini. Namba ya kupiga iwe kwenye simu yake tangu wiki ya kwanza ya muhula.

Barua ya mwalimu

Kwenye barua ya kumpendekeza mwanafunzi, usitaje hadhi yake ya uhamiaji bila yeye kukuomba kwa kinywa chake, hata kama unataka kumsifu kwa kushinda mazingira magumu. Barua hiyo itasomwa na watu usiowajua. Isipokuwa kama ni barua ya kesi. Mwanafunzi akifika mbele ya jaji wa uhamiaji, au akipata njia ya kuomba hadhi miaka mingi baada ya kuhitimu, wakili wake ataomba ushahidi kwamba alikuwapo nchini na kwamba ni mtu mwenye mwenendo mwema, na mwalimu aliyemfundisha ni shahidi mzuri. Tunza kumbukumbu za madarasa yako: kozi, muhula, mwaka, alama. Barua ya namna hiyo itaje tarehe kamili, ieleze ulichokiona mwenyewe darasani na si ulichosimuliwa, iwe na saini yako na cheo chako, na imfikie wakili kwanza ili aamue kama itaingia kwenye faili.